Mgeni wa Jumamosi na Maji ya Takwa

Mwanafunzi wa ng'ambo anayekuja Lamu kujifunza Kiswahili ana Jumamosi na Jumapili tu za kutembea. Wengi huiona Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, wakapiga picha na punda, basi. Hasara hiyo!

Mimi namwambia avuke aende magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Lakini kwanza aulize maji. Mashua hupita mkono wa bahari wenye mikoko huku na huku, na maji yakipwa hubaki matope matupu. Mwaka jana tulimpeleka mgeni wetu, tukazubaa. Kugeuka, mashua imekaa topeni kama kuku anayeatamia. Ikawa kungoja yajae tena, saa kwa saa.

Ndipo akauona mji hasa: ukuta wake, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria.

Akauliza, "Kwa hivyo hapa pamekufa?"

Tukamweleza kuwa watu wa Shela wana desturi ya kuja papa hapa kuomba mvua. Akaitia kamera mkobani, akavua viatu.