Geti Lililochelewa na Barabara Iliyochelewa: Nani Anabeba Siku Zilizopotea Kalerwe?

Kaskazini mwa Kampala, pale barabara ya Gayaza inapokutana na Northern Bypass, ndipo Kalerwe. Soko la vyakula halilali, taksi zinagombania abiria, boda boda zinapenya popote penye upenyo, na mfereji wa Nsooba unapeleka maji ya mvua kwenye bonde la Lubigi. Wakazi wa hapa wanajua vizuri maana ya mradi unaochelewa, kwa sababu barabara hiyo ya Bypass imewapitia mlangoni mara mbili, na mara zote mbili ilikuja nyuma ya ratiba.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2004, kampuni ya Salini Costruttori ya Italia ilipoanza kujenga njia ya kilomita 21 kutoka Busega hadi upande wa Bweyogerere. Muda uliopangwa ulipita, na barabara ikafunguliwa Oktoba 2009. Mara ya pili, mwaka 2014, Mota-Engil ya Ureno ilipewa kazi ya kuipanua na kujenga makutano ya madaraja, yakiwemo ya Kalerwe. Makadirio yalikuwa miaka mitatu. Mwaka 2021 mafundi walikuwa bado wako kazini.

Sababu iliyotajwa zaidi katika awamu ya pili ilikuwa ardhi: viwanja na nyumba ambazo wenyewe walikuwa hawajalipwa fidia, kwa hiyo mkandarasi hakuweza kugusa. Katika mkataba wa ujenzi, sababu ya namna hiyo ndiyo huamua nani atalipia mitambo iliyosimama, mishahara ya watu wasio na kazi na bei ya saruji iliyopanda wakati wa kungoja. Ikiwa mwenye mradi hakutoa eneo, gharama humrudia yeye, na katika mradi wa serikali hiyo ni kodi ya mwananchi. Ikiwa mkandarasi ndiye aliyechelewa kuleta vifaa, humbidi alipe kwa kila siku iliyozidi.

Kwa hiyo vifaa vinapochelewa, pande zote hukimbilia kunyoosha kidole. Mwenye mradi humlaumu mkandarasi, mkandarasi humlaumu muuzaji, muuzaji huilaumu bandari, na karakana humlaumu aliyechelewa kuidhinisha michoro. Mara nyingi kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kazi ngumu ni kuzitenganisha siku hizo na kumpa kila mtu zake.

Ugomvi huo huo upo pia kwa mtu anayejenga vyumba vinne nyuma ya soko. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao fundi yeyote wa vyuma kati ya Kalerwe na Bwaise ataufahamu mara moja. Mama mmoja anaagiza geti na fremu sita za madirisha. Fundi anapima nafasi za madirisha ukuta ukiwa bado matofali matupu, anapokea kianzio, anaahidi wiki tatu. Mwashi anapiga lipu. Wiki ya tatu mama anapiga simu.

"Mama, kazi yako iko mwishoni. Umeme ndio umetuangusha."

"Umeme wa wiki tatu, mwanangu? Mimi wapangaji wananingoja."

Wiki ya tano fremu zinafika, na mbili zinakataa kuingia. Lipu imekula takriban sentimita moja na nusu kila upande. Fundi anamlaumu mwashi kwa lipu nene, mwashi anasema aliyepima kabla ya lipu alijitakia mwenyewe. Halafu fundi anatoa jambo jingine: kianzio kilichokubaliwa kilikuwa nusu ya bei, naye alipewa robo, salio likaja siku kumi baadaye, na bila fedha hizo asingeweza kununua mabomba ya mraba. Mama naye, katikati ya kazi, aliomba geti liongezwe mlango mdogo wa watu. Umeme kweli ulikatika, lakini jirani wa fundi huyo alimaliza kazi zake kwa jenereta.

Wiki mbili zimepotea. Za nani?

Wataalamu wa mikataba huanza na swali moja: kila jambo lilikuwa jukumu la nani tangu mwanzo? Kupima ni kazi ya fundi, isipokuwa kama mwenye nyumba ndiye aliyemletea vipimo na kumwambia avifuate. Fedha ya kununulia chuma ni jukumu la mwenye nyumba ikiwa ndivyo walivyokubaliana, hivyo siku kumi za kusubiri salio haziwezi kumwangukia fundi. Mlango mdogo ni mabadiliko ya kazi, nayo humpa fundi haki ya muda zaidi na malipo zaidi. Umeme ni suala la karakana yake: aliyeahidi tarehe akiijua hali ya umeme wa mtaa wake amebeba hatari hiyo mwenyewe.

Miradi mikubwa ina kanuni hizi hizi zikiwa zimeandikwa. Mikataba mingi ya barabara na madaraja Afrika Mashariki hufuata vielelezo vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo la mwaka 1999 la kitabu chake chekundu, mwenye mradi asipokabidhi eneo kwa wakati, mkandarasi anastahili muda wa ziada na malipo. Upande wa pili, mkandarasi anawajibika kwa makosa ya wakandarasi wadogo aliowaleta kana kwamba ameyatenda mwenyewe. Karakana iliyochelewesha vyuma vya daraja haisimami mbele ya mwenye mradi. Anasimama mkandarasi, kisha yeye ndiye anayegeuka kuidai karakana.

Swali la pili husahaulika hata na watu wenye uzoefu: je, kifaa kilipochelewa, kazi nzima ilichelewa? Mpishi hawezi kudai kwamba alikwamishwa na chumvi iliyoletwa saa moja baadaye, ikiwa maharage yenyewe yalikuwa bado mabichi. Kama fremu zilichelewa wiki mbili lakini paa lilikuwa halijaezekwa, wapangaji wangesubiri vilevile, na fremu hazikumpotezea mama hata siku moja. Wahandisi huchora mfuatano wa kazi zinazoamua tarehe ya mwisho, na kucheleweshwa kwa kazi iliyo nje ya mfuatano huo hakumpi mtu haki ya muda zaidi. Ndiyo maana ratiba inayosahihishwa kila mwezi ina thamani kubwa mbele ya msuluhishi. Bila hiyo, kila upande unasimulia tu.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote: inakuwaje pande zote mbili zikichelewa kwa wakati mmoja? Tuseme ardhi haijakabidhiwa, na siku hizo hizo vyuma vya mkandarasi bado viko njiani. Mwongozo wa Chama cha Sheria ya Ujenzi cha Uingereza, uliotolewa mwaka 2002 na kuboreshwa 2017, unaelekea kumpa mkandarasi muda wa ziada ili asitozwe faini, lakini asilipwe hasara ambayo angeipata hata kama ardhi ingekuwepo. Mahakama ya Scotland, katika kesi ya City Inn iliyoamuliwa mwaka 2010, ilikubali njia ya kugawa siku kati ya pande mbili kwa kadiri ya haki. Mahakama za Uingereza hazikuifuata njia hiyo.

Kesi ya Peak dhidi ya McKinney, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1970, inaonyesha jinsi mwenye mradi anavyoweza kupoteza haki iliyokuwa mkononi mwake. Jiji la Liverpool lilikuwa linajenga ghorofa za makazi. Nguzo za msingi zilizowekwa na mkandarasi mdogo zikaonekana na kasoro. Kosa la upande wa ujenzi lilikuwa wazi, na marekebisho yenyewe yalihitaji wiki chache. Lakini kazi ilisimama kwa wiki 58, sehemu kubwa kwa sababu jiji lilichelewa kumteua mtaalamu na kuidhinisha mpango wa kurekebisha. Mahakama ikasema jiji haliwezi kutoza faini ya kila siku kwa kipindi ambacho lenyewe lilichangia kukipoteza, kwa kuwa mkataba haukuwa na njia ya kuongeza muda kwa sababu hiyo. Uganda imerithi mapokeo hayo ya sheria, na maamuzi ya namna hii husomwa na mawakili wa Kampala hadi leo.

Kuna ucheleweshaji usiotokana na yeyote aliyetia saini. Uganda haina bahari. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na chochote kinachotokea njiani huonekana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifika hadi kung'olewa kwa reli huko Kibera, na Uganda ikakosa mafuta. Mwaka 2020 madereva wa malori walipimwa korona mpakani huku foleni zikirefuka. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba mfereji wa Suez kwa siku sita. Januari 2022 madereva waligoma mpakani Malaba wakipinga ada ya kupimwa, malori yakajipanga kwa makumi ya kilomita.

Mkandarasi aliyekwama wakati huo asingeweza kusema tu "korona" akaachiwa. Kitabu chekundu cha 1999 kinatoa muda wa ziada kwa uhaba wa vifaa usiotarajiwa uliosababishwa na maradhi ya mlipuko au hatua za serikali. Kinatoa muda, hakitoi fedha. Na aliyeagiza mzigo miezi miwili baada ya tarehe iliyokuwa kwenye ratiba yake ataulizwa kwa nini mzigo huo ulikuwa Malaba Januari wakati ulipaswa kuwa Kampala Novemba.

Madai mengi hufia kwenye taarifa. Kitabu hicho chekundu kinamtaka mkandarasi aarifu kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu jambo linalomchelewesha. Akikaa kimya, hupoteza haki ya muda na ya malipo, hata kama kosa lilikuwa la mwenye mradi. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuharibu uhusiano na mteja, wakidhani watayazungumza mwishoni. Mwishoni meneja amehama, mhandisi amebadilishwa, na hakuna anayekumbuka lori lilifika lini. Makampuni makubwa kwa hiyo huajiri watu wa kuandika kila siku: mvua, idadi ya wafanyakazi, mzigo ulioingia, mzigo uliokosekana, michoro iliyotumwa na siku iliyorudishwa.

Mama wa Kalerwe hahitaji kuajiri mtu. Karatasi moja iliyotiwa saini na yeye na fundi inatosha, ikitaja nani anapima na lini, kabla au baada ya lipu. Unene wa bomba. Nani ananunua chuma. Kianzio ni kiasi gani na kinalipwa siku gani. Wiki tatu zinahesabiwa tangu kianzio kilipwe au tangu vipimo vichukuliwe. Na kwamba badiliko lolote litaandikwa pamoja na bei yake na siku zake. Ujumbe wa WhatsApp nao ni ushahidi, kwa kuwa una tarehe na saa. Picha ya ukuta iliyopigwa siku ya kupima ingemaliza ubishi kati ya fundi na mwashi kwa dakika moja.

Wakishindwa kuelewana, si lazima waende na wakili wa bei kubwa. Kanuni za madai madogo za Uganda za mwaka 2011 ziliweka utaratibu mwepesi mahakamani kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na fremu sita na geti zinaweza kuingia humo bila shida. Mdai hutakiwa kwanza kumpa mdaiwa taarifa ya maandishi na siku 14 za kulipa au kurekebisha, kisha ndipo afungue shauri. Mama akifika na karatasi yake, risiti na picha, hakimu atakuwa na cha kuhesabia: siku kumi za salio upande wake, siku za kurekebisha fremu upande wa fundi, na siku za mlango mdogo kwa yeye aliyeuomba.