Awer Mabil, Mshambuliaji Aliyezaliwa Kakuma

Awer Mabil ni mshambuliaji wa pembeni wa Australia aliyezaliwa mwaka 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Sudan. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992. Alijifunzia soka hapo, pekupeku.

Mwaka 2006 familia ilihamia Australia. Alianza soka ya kulipwa Adelaide United, kisha mwaka 2015 akasajiliwa na Midtjylland ya Denmark. Mwanzo haukuwa rahisi: alipelekwa kwa mkopo Esbjerg, halafu Paços de Ferreira ya Ureno. Subira ililipa, kwani alitwaa ubingwa wa Denmark mwaka 2020.

Oktoba 2018 aliichezea Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, na akafunga bao. Lakini mkwaju wake mkubwa kuliko yote aliupiga Doha, Juni 2022, katika mechi ya mchujo dhidi ya Peru. Baada ya sare tasa, matokeo yaliamuliwa kwa penalti. Mabil akapiga ya sita bila kutetereka, kipa Andrew Redmayne akaokoa iliyofuata, na Australia ikafuzu Kombe la Dunia.

Pamoja na kaka yake alianzisha Barefoot to Boots, shirika linalopeleka viatu vya soka na misaada mingine Kakuma. Mwaka 2023 alituzwa kuwa Kijana Bora wa Australia.