Video za Harusi Kutoka Kompyuta Hadi Runinga: Chombo Kipi Kitufae?

Katika nyumba nyingi za Malindi, Mambrui na Takaungu, mna sanduku la kumbukumbu lisilo na kufuli. Zamani lilikuwa kabati la mikanda ya VHS. Baadaye likawa rundo la DVD zilizoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito, na siku hizi ni folda moja tu ndani ya kompyuta. Humo mmehifadhiwa hina ya binti mkubwa, kupamba kwa mdogo wake, mtoto akisoma juzuu yake ya kwanza mbele ya mwalimu wa chuo, na pengine dakika tatu za marehemu babu akicheka barazani. Kioo cha kompyuta ni kidogo, na watu sita hawawezi kukizunguka bila ya mmoja kumpiga mwenziwe kiwiko. Runinga kubwa iko sebuleni, imezimwa. Hapo ndipo mama wa nyumba anapouliza: picha hizi tutazivusha vipi hadi kule, kwa pesa kidogo?

Swali hilo kwetu sisi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwenye kupamba, wanawake huvua mabuibui yao wakijua kwamba macho yaliyomo ukumbini ni ya wanawake wenzao. Mlangoni simu huzuiwa, na mpiga video ni mwanamke. Video inayotoka hapo ni amana ya kila aliyehudhuria, si ya bi harusi pekee. Kwa hivyo chombo cha kuionyesha hakipimwi kwa bei peke yake.

Nitasimulia lililonifika mimi mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Tulikuwa tumepanga katika nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji wote hutumia waifai moja ya mwenye nyumba. Usiku mmoja baada ya isha, wanawake wa ukoo walijaa sebuleni kutazama kupamba kwa mpwa wangu. Mikeka ilitandikwa, kahawa na haluwa zikapita. Kwenye runinga nilikuwa nimechomeka kijiti cha kupokea picha bila waya. Nikafungua video kwenye kompyuta, nikabonyeza alama ya kurusha picha, ikatokea orodha ya majina mawili yanayofanana, nami nikachagua la kwanza. Runinga yetu ikabaki nyeusi. Nikadhani ni uzito wa mtandao, nikangoja.

Baada ya dakika mbili mlango ukabishwa hodi. Alikuwa mke wa jirani, buibui amelitupia kwa pupa. Akaninong'oneza, "Dadangu, zima. Harusi yenu iko kwetu, na wanaume walikuwa wakitazama mpira." Mumewe, Mungu amjaze kheri, aliinuka akang'oa waya wa stima ukutani mara alipoona kichwa kisichofunikwa. Kijiti chao na chetu vilikuwa vya aina moja, na hakuna kati yetu aliyekibadilisha jina kililotoka nalo kiwandani. Mpwa wangu hakunilaumu. Siku tatu hakuninenesha, hilo tu.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, nimesoma, na nimejaribu njia moja baada ya nyingine. Haya ndiyo niliyoyaona.

Njia ya kwanza ni flashi, na wengi wanayo tayari. Runinga nyingi zilizonunuliwa katika miaka ya karibuni zina tundu la USB ubavuni au mgongoni, na hata baadhi ya ving'amuzi vilivyoenea nchini wakati matangazo ya dijitali yalipochukua nafasi ya analojia mwaka 2015 vina tundu hilo. Unanakili video, unachomeka, unachagua kwa rimoti. Hakuna waifai, hakuna jirani. Taabu zake ni mbili. Kwanza, flashi nyingi ndogo hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Video ya harusi ya saa tatu huupita ukubwa huo, na kompyuta hukataa kuinakili ingawa flashi ina nafasi tele. Wengi hudhani flashi imeharibika wakaitupa. Dawa yake ni kumwomba mpiga video aikate video vipande vipande, au kuipanga flashi upya kwa mfumo wa exFAT, ukishahakikisha kuwa runinga yako inausoma. Kupanga upya hufuta kila kilichomo, basi nakili kwanza. Taabu ya pili ni lugha ya video yenyewe. Simu na kamera mpya hurekodi kwa mtindo wa H.265 ili kuokoa nafasi, na runinga ya zamani hutoa sauti bila picha, au hukataa kabisa. Ukiagiza video, mwambie mpiga video akupe MP4 ya H.264. Huo husomwa karibu na kila chombo.

Njia ya pili ni waya wa HDMI, nami natangaza mapema kwamba ndio niupendao. Waya wa mita moja na nusu hununuliwa kwa mamia machache ya shilingi katika duka lolote la vifaa vya simu mjini. Unapitisha picha na sauti pamoja, hautaki intaneti, wala hauwezi kuipeleka harusi yako kwa mtu mwingine, kwa kuwa una ncha mbili tu na zote mbili unaziona. Ukishauchomeka, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua kioo kiakisiwe. Picha ikitokea runingani na sauti ikabaki kwenye kompyuta, usimwite fundi: bonyeza alama ya spika chini kuliani, uchague jina la runinga. Kompyuta kuukuu zenye tundu la VGA pekee hupitisha picha tu, na hapo utahitaji kigeuzi pamoja na waya wa sauti wa pembeni.

Lawama ya waya huu ni kwamba kompyuta lazima ikae karibu na runinga, na watoto huukanyaga. Basi nunua wa mita tano, uupitishe kandokando ya ukuta. Waya wa kawaida wa urefu huo hauna tatizo kwa picha za nyumbani. Anayeuza waya wa bei kubwa kwa sababu ncha zake ni za dhahabu akuambie kwanza hiyo dhahabu inaongeza nini kwenye picha. Kitu kimoja ni kweli: hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma, na ncha zikiachwa wazi mwaka mzima hufanya kutu. Uhifadhi waya kwenye mfuko.

Kuna njia ya tatu isiyo na gharama kabisa kwa mwenye runinga ya kisasa. Inaitwa Miracast, na imekuwapo tangu mwaka 2012. Kompyuta nyingi za Windows huwa nayo. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi K, na runinga itajitokeza ikiwa umewasha kuakisi skrini kwenye menyu yake. Kompyuta na runinga huzungumza zenyewe kwa zenyewe, hata ruta haihitajiki. Runinga nyingi huuliza kama umruhusu anayetaka kuingia, au hutoa namba ya siri. Usikizime kipengele hicho kwa kuona kinasumbua. Aibu yangu ya usiku ule ingezuiwa na namba nne tu. Kwa Miracast picha hukwamakwama mara kwa mara, hasa katika majengo yenye waifai nyingi, na kwa video ya saa tatu hilo huchosha.

Sasa tuje kwenye vijiti, ambavyo ndivyo vinavyotangazwa sana. Google ilitoa Chromecast mwaka 2013 kwa dola 35, na kwa bei hiyo ikaingia nyumba nyingi duniani. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitazitengeneza tena, na chombo ilichokitoa badala yake kinakaribia dola 100. Zilizobaki madukani na mikononi mwa watu bado hufanya kazi, lakini anayenunua leo ajue ananunua kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukiacha. Vijiti vya Xiaomi na vya Amazon hupatikana, na kwa kawaida hugharimu maelfu kadhaa ya shilingi. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya: je, runinga yangu ina tundu la HDMI? Je, kijiti kinakuja na kichwa chake cha kuchomeka ukutani? Kukilisha kwa tundu la USB la runinga mara nyingi hakukitoshelezi, nacho huzimika na kujiwasha katikati ya sherehe.

Kijiti kina faida moja kubwa. Ukiweka humo programu ya VLC, ambayo ni ya bure na ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, unaweza kuifungua folda iliyoshirikishwa kwenye kompyuta iliyoko chumba cha ndani, ukachagua video kwa rimoti umeketi mkekani. Kompyuta haisogei mahali pake. Kwa nyumba yenye video nyingi na mzee asiyetaka kushughulishwa na mashine, hapo pesa imekwenda mahali pake.

Na hapa niondoe hofu moja niliyoisikia kwa akina mama wengi: eti kurusha video humaliza bando. La. Video ikitoka kwenye kompyuta yako ikapita kwenye ruta yako hadi runinga yako, haijatoka nje ya nyumba. Ni kama maji yanayomiminwa kutoka birika hadi kikombe, hayapiti tena kwenye mita. Intaneti huhitajika wakati wa kukiandaa kijiti na kuweka programu, na baadhi ya vijiti hunung'unika visipoipata. Bando linalokwisha kweli ni la yule aliyepewa harusi yake kama kiungo cha YouTube, kwani kila akiitazama anaivuta upya. Tena kiungo hicho, hata video ikiwa haikuorodheshwa, hufunguka kwa yeyote aliyetumiwa. Mwambie mpiga video akukabidhi faili mkononi.

Chombo ninachowaomba mkiepuke ni visanduku vya Android visivyo na jina la kampuni inayojulikana, vinavyouzwa kwa ahadi ya mpira na filamu bure maisha. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa kompyuta nchini Marekani walibainisha kwamba baadhi yake, ikiwemo aina iitwayo T95, vilitoka kiwandani vikiwa tayari na programu ya siri inayopokea amri kutoka kwa watu wa mbali. Mwaka 2025 shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilitoa onyo kuhusu vyombo vya namna hiyo. Kisanduku kama hicho hukaa ndani ya waifai yako, pamoja na kompyuta yenye picha za wanao. Nafuu ya shilingi elfu mbili hailipi jambo hilo.

Kwa anayeamua kutumia kijiti, afanye matatu siku ile ile ya kwanza. Akipe jina lisilofanana na la mtu mwingine. Chetu sasa kinaitwa Mkunazi. Asikiweke kamwe kwenye waifai ya ploti nzima. Ikiwa hana ruta yake, awashe waifai ya simu yake akiwa amezima data. Kwa simu nyingi hiyo inatosha kuunganisha vyombo viwili. Na abadilishe nywila kila baada ya sherehe, kwa kuwa wageni huomba waifai, nasi hatujui kumnyima mgeni.

Hayo ni ya video zilizomo tayari kwenye kompyuta. Mwenye mikanda ya VHS asingoje. Unyevu wa pwani huota ukungu juu ya utepe, na deki za kuichezea zinazidi kuadimika. Fundi mwenye deki na kigeuzi huweza kuhamisha mkanda kwenye kompyuta, lakini huchukua muda ule ule wa mkanda wenyewe, saa kwa saa. Kwa mikanda ya kupamba, mtafute fundi mwanamke, au ukae hapo hapo hadi mwisho, kisha uondoke na flashi ukiwa umeona kwa macho yako nakala iliyobaki ikifutwa.

Mkanda wetu mmoja ulihamishwa hivyo. Ni harusi ya mamangu mdogo, picha zimefifia na sauti ya taarabu inayumba. Tuliutazama kwa waya wa mita tano, milango imefungwa, nyanya ameketi kwenye kiti mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Alipotokea dada yake, ambaye hatunaye tena, akipita na chetezo cha udi, nyanya aliinua mkono akasema, "Hebu msimamishe hapo." Nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, picha ikasimama.