Mita Tano za Mwisho

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya usiku ule, kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea kwa mita 100. Kulipokucha, kosa lilikuwa limeshuka hadi mita kumi au ishirini. Tarehe 3, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, alikwenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi yenye vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Atakayeipata achukue kitu, aache kitu.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokachingi, ambao leo unachezwa karibu kila nchi. Aliyekua akicheza kombolela hahitaji maelezo marefu: kuna kujificha na kuna kutafuta, ila hapa kinachojificha ni kikopo, na aliyekificha huenda yuko nyumbani kwake mbali na hapo. Mimi hukiita dafina, kwa kuwa Kiswahili kina neno hilo tangu zamani na linatosha. Ndani ya dafina mna karatasi au daftari. Ukiipata unaandika jina na tarehe, unairudisha palepale ilipokuwa.

Kila dafina hutangazwa ikiwa na alama mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu. Ya kwanza ni ugumu wa kuigundua, ya pili ni ugumu wa njia. Njia yenye alama ya 5 inataka mtumbwi, kamba za kupandia majabali au vifaa vya namna hiyo. Njia yenye alama ya 1 ina maana mahususi: mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kwenda, kuifikia dafina, kuandika jina na kurudi. Alama ya 1.5 haibebi ahadi hiyo. Tofauti ya nusu tu, lakini kwa baadhi ya watu ndiyo inayoamua kama watatoka nyumbani siku hiyo au la.

Na hapa ndipo wafichaji wengi wanapokosea, tena kwa nia njema. Mfichaji anatazama njia, anaona lami, anaona tambarare, anaandika 1. Kikopo chenyewe amekitundika kwenye tawi lililo juu ya kichwa chake, au amekisukuma nyuma ya mzizi, hatua nne nje ya lami. Yeye alifika kwa miguu, akainama, akachuchumaa, akainuka, na mwili wake haukumkumbusha kwamba amefanya kazi yoyote. Anayekuja kwa kiti cha magurudumu ataona kifaa kinamwambia amefika, naye hajafika.

Tupige hesabu kidogo. Simu janja iliyo mahali peupe hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya miti au kando ya majengo marefu hukosea zaidi. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 5 lina eneo la karibu mita za mraba 78. Kwa mtembea kwa miguu, kuzungukazunguka ndani ya duara hilo, akipekua na kubahatisha, ndio utamu wenyewe wa mchezo. Kwa mwenye magurudumu, nusu ya duara inaweza kuwa nyasi zilizolowa, changarawe au ukingo wa mtaro. Akiambiwa "itakuwa hapo hapo tu", ameambiwa aingie mahali ambapo huenda asiweze kutoka peke yake. Ndiyo maana nasema mita tano za mwisho ni nzito kuliko nusu kilomita iliyotangulia, na ndizo zinazotegemea kabisa uamuzi wa mfichaji.

Mfichaji anayejali hufanya mambo madogo. Hutangaza mahali pa kuegesha gari na lango lenye mteremko, siyo dafina peke yake. Huandika wazi kwenye dokezo: usitoke kwenye njia. Hupima kimo. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kufika mahali vinasema mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu hufikia kati ya sentimita 38 na 122 kutoka chini, palipo wazi mbele yake. Viwango hivyohivyo vinataka mteremko usizidi 1 kwa 12: ngazi moja ya sentimita 15 inadai sentimita 180 za mteremko. Fikiria ngazi moja tu iliyosahauliwa langoni mwa bustani. Katika miji yetu ongeza mtaro usio na kifuniko na pikipiki zilizoegeshwa njiani, maana yule yule anayetafuta kikopo ndiye atakayezikuta.

Sasa tuitazame dafina yenyewe. Zipo ndogo kiasi cha ncha ya kidole, zenye sumaku nyuma na kifuniko cha kuzungusha, na ndani kijikaratasi kilichoviringishwa kama uzi. Wafichaji huzipenda kwa sababu hujificha popote. Lakini mpe kifaa hicho mama mwenye yabisi ya viungo, au kijana anayetumia mkono mmoja baada ya kiharusi, au mtu ambaye vidole vyake vinatetemeka. Amesafiri, ametafuta, amepata, kisha anashindwa na kifuniko. Boksi lenye mdomo mpana, kifuniko cha kubana, karatasi ya kutosha na kalamu nene havipunguzi raha ya mtu yeyote. Asiyeweza kuandika agonge mhuri au abandike stika yenye jina lake, na mwenye dafina akubali kwa moyo mweupe.

Kwa wasioona, simu inayosoma kwa sauti hutaja umbali na mwelekeo. Ikiisha kuwafikisha, kazi inabaki kwa vidole. Hivyo dokezo linalosema "tazama chini ya kibao chekundu" halisaidii kitu, bali "nguzo ya tatu upande wa kulia, baada ya benchi la mawe" linasaidia. Na pale dafina inapokuja na fumbo la kufumbuliwa, fumbo linalotegemea sauti peke yake humfungia nje kiziwi. Anayetunga fumbo na ajiulize kama lina mlango wa pili.

Ziko pia dafina zisizo na kopo. Tangu 2004, kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, wachezaji hutembelea miamba, chemchemi na makorongo, na badala ya kusaini hujibu maswali kuhusu walichokiona. Hakuna cha kufungua wala cha kuinamia. Kwa mwenye viungo vilivyochoka hizi ni neema kubwa, mradi sehemu ya kutazamia iwe inafikika.

Kuna kosa jingine, nalo linaniuma zaidi ya yote: kudhani kwamba dafina ya mtu mwenye ulemavu lazima iwe nyepesi, kopo jeupe lililoachwa wazi juu ya benchi, kana kwamba anapewa zawadi ya kumliwaza. Alama ni mbili, nazo hazifungamani. Ngazi 9 za ugumu wa kugundua mara 9 za njia ni mipangilio 81, na miongoni mwake upo ule wa 5 kwa 1: njia nyoofu kabisa, fumbo la kumkosesha mtu usingizi. Hiyo ndiyo ningependa kuiona kwa wingi. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anataka kuumiza kichwa, kushindwa Jumamosi, kurudi Jumapili na kuipata, kama mwenzake yeyote.

Jambo la macho ya watu nalo lisipuuzwe. Mchezo huu unataka siri, mpita njia asijue unatafuta nini. Lakini mtu aliyesimamisha kiti chake kando ya ukuta mtupu kwa dakika kumi ataulizwa na kila apitaye kama anahitaji msaada. Mwenye usonji pia huweza kuchoshwa na maswali kama hayo. Ficha mahali ambapo kukaa ni jambo la kawaida: karibu na benchi, kibao cha maelezo, au sehemu ya kutazama mandhari.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 30, unataja burudani na michezo kuwa sehemu ya haki hizo. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Kikopo cha plastiki bustanini kinaingia humo.

Ukiamua kuficha dafina yako, beba kiti kutoka nyumbani. Kiweke njiani, keti, weka miguu pamoja, nyoosha mkono mmoja bila kuinuka. Fungua, andika jina lako, funga, rudisha. Usipoweza, usiandike 1.