Kazi iko, mikanda njo inakosa

Wandugu, mutoto wa kamarade wetu mumoja hapa Kolwezi anajua sudire kunipita, na mimi nimefanya kazi ile miaka 20. Mwaka jana aliomba kutengeneza tiyo za maji ku kampuni moja. Walimurudisha: hana RCCM, hana namba ya kodi, hana konti ya banki.

Sheria iko tangu tarehe 8 Februari 2017: kazi za sutretansi, ni kusema zile kampuni kubwa inapatia kampuni zingine, ni za kampuni za Wakongomani. Lakini sheria haimujazie mutoto makaratasi.

INPP inafundisha ufundi tangu 1964, muzuri. Banki ya Maendeleo ya Afrika iliweka falanga mu PABEA-COBALT, vijana wa Lualaba na Haut-Katanga walime na kufuga mu kooperative, watoto watoke mu mashimo. Sawa. Lakini wa sudire, nani anamufundisha kuandika bei, ao kuvumilia siku 60 mbele ya kulipwa?

Mafundi watano waungane: kampuni moja, RCCM moja, konti moja. Njia ya ofisi zile sisi wa sindika tunaijua. Waje na karte ya mupiga kura, tutaenda nao.