Jina Laweza Kufanana, Kidole Hakifanani: Jinsi Kumbukumbu za Jinai Zinavyotafutwa na Kuombwa

Kijana amalizapo masomo na kuanza kutafuta kazi, aghalabu hukutana na sharti moja ambalo hakufundishwa darasani. Mwajiri, au ubalozi wa nchi anayotaka kwenda, humtaka alete hati ya polisi inayoonyesha kama amewahi kupatikana na hatia ya jinai. Nchini Kenya hati hiyo hujulikana sana kwa jina la cheti cha mwenendo mwema. Kijana huenda kwenye ofisi inayohusika, hupakwa wino vidoleni au huweka vidole juu ya kioo cha mashine, kisha huambiwa asubiri.

Katika siku hizo za kusubiri, ni kazi gani inayofanyika? Miongoni mwa watu maelfu kwa maelfu ambao kumbukumbu zao zimehifadhiwa, polisi hujuaje kwamba huyu aliyeomba hayumo? Na iwapo wamekosea, yeye atajuaje? Majibu ya maswali haya yanagusa elimu ya viumbe, hesabu na sheria kwa pamoja.

Kumbukumbu tatu, si moja

Watu wengi hudhani kwamba kuna daftari moja kubwa ambamo maovu yote ya raia yameandikwa. Sivyo ilivyo. Kuna aina tatu za kumbukumbu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni ya polisi. Humo mna taarifa za makosa yaliyoripotiwa, watu waliokamatwa, na alama za vidole za wale waliotiwa hatiani. Ya pili ni ya mahakama, yaani jalada la kesi: hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, hukumu na adhabu. Ya tatu ni ya magereza, nayo huonyesha nani alifungwa, lini, na alitoka lini.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mtu aweza kukamatwa asishtakiwe. Aweza kushtakiwa akaachiwa huru. Aweza hata kutiwa hatiani kisha hukumu ikatenguliwa katika rufani. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina kanuni kama hiyo katika ibara ya 50. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mtu ana hatia hana budi kutazama hukumu ya mahakama, wala si habari ya kukamatwa.

Kwa nini jina halitoshi

Njia iliyo rahisi ya kutafuta kumbukumbu ni kutumia jina. Lakini jina ni ufunguo mbovu. Katika mji wowote wa pwani, kina Juma Hamisi na kina Fatuma Ali ni wengi. Tena jina moja huandikwa kwa namna nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi. Karani mmoja huanza na jina la baba, mwingine na jina la mtoto. Na mwenye nia mbaya hujipa jina jipya kila akamatwapo.

Hapo huzuka makosa ya aina mbili. La kwanza ni kumhusisha asiye na hatia na jalada la mtu mwingine kwa sababu majina yanafanana. La pili ni kulikosa jalada la mhalifu kwa sababu amebadili jina. La kwanza humdhuru mtu mwema, la pili huihatarisha jamii. Wataalamu walilazimika kutafuta alama ambayo mtu huzaliwa nayo na hawezi kuibadili.

Matuta yasiyofutika

Ngozi ya ncha za vidole ina matuta membamba yaliyopangika kwa mistari. Matuta haya hujengeka mtoto angali tumboni mwa mama, na hupata umbo lake kamili kabla hajazaliwa. Umbo hilo haliamuliwi na urithi peke yake. Hata mapacha wanaofanana kabisa huwa na alama tofauti. Mtu akijikata kidogo au akiungua juu juu, ngozi mpya huota na matuta yale yale. Ni kovu lililoingia ndani sana tu linaloweza kuyaharibu.

Kwa jumla maumbo ni matatu. Kuna kitanzi, ambapo mistari huingia upande mmoja, huzunguka na kurudi upande ule ule. Umbo hili ndilo linaloonekana zaidi. Kuna mviringo, ambapo mistari huzunguka kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Mwisho kuna tao, ambapo mistari hupanda katikati na kushuka upande wa pili. Hili ni la nadra. Ndani ya maumbo haya mna vijialama vidogo zaidi: mahali tuta linapokoma, au linapogawanyika kama panda. Mpangilio wa vijialama hivyo ndio unaomtofautisha mtu na mwenzake.

Mwaka 1858 William Herschel, mtawala wa Kiingereza huko Bengal, alimtaka mfanyabiashara aitwaye Rajyadhar Konai aweke alama ya kiganja chake kwenye mkataba. Mwaka 1880 daktari Henry Faulds, aliyekuwa akifanya kazi Japani, alieleza katika jarida la Nature kwamba alama za vidole zingeweza kumtambulisha mhalifu. Mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu juu ya somo hilo, na mwaka huo huo huko Argentina alama ya kidole chenye damu ilimtia hatiani mama aliyewaua watoto wake wawili. Mama huyo alikuwa amemsingizia mwanamume mwingine.

Hesabu ya makundi 1,024

Kukusanya alama si kazi ngumu. Kazi ni kuipata karatasi moja kati ya laki moja. Tatizo hilo lilitatuliwa katika ofisi ya Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, na sehemu kubwa ya hesabu ilifanywa na wasaidizi wake wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Ofisi ya alama za vidole ilianzishwa Calcutta mwaka 1897, na utaratibu huo ukachukuliwa London mwaka 1901.

Vidole huhesabiwa kuanzia gumba la mkono wa kulia, ambalo ni namba 1, hadi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni namba 10. Kisha hugawanywa katika jozi tano. Jozi ya kwanza hupewa thamani ya 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2 na ya tano 1. Kidole chenye mviringo hupata thamani ya jozi yake. Kisicho na mviringo hupata sifuri. Thamani za vidole vya namba shufwa hujumlishwa, ikaongezwa 1, nayo ikawa namba ya juu. Thamani za vidole vya namba witiri hufanyiwa hivyo hivyo, zikawa namba ya chini.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye mviringo katika gumba la kulia (namba 1), kidole cha pete cha kulia (namba 4) na kidole cha shahada cha kushoto (namba 7). Namba ya juu ni 8 + 1, yaani 9. Namba ya chini ni 16 + 2 + 1, yaani 19. Karatasi yake huwekwa katika kundi la 9/19. Kwa kuwa namba ya juu yaweza kuwa yoyote kuanzia 1 hadi 32, na ya chini vivyo hivyo, makundi yote ni 32 × 32, yaani 1,024. Karani hana haja ya kupekua karatasi laki moja. Hufungua kundi moja tu. Hata hivyo makundi hayajai sawasawa. Wote wasio na mviringo hata mmoja huangukia kundi la 1/1, kwa hiyo kundi hilo hugawanywa tena kwa kuhesabu matuta.

Utaratibu huu ulifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa kikoloni, wala haukutumiwa kwa wahalifu peke yao. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyao, ili mfanyakazi aliyetoroka aweze kukamatwa. Maarifa yale yale yanayomlinda asiye na hatia yaliweza pia kumfunga mtu huru.

Mashine nayo hukosea

Siku hizi kazi ya kutafuta hufanywa na kompyuta. Mashine hupima mahali pa vijialama, hulinganisha na hazina yake kwa muda mfupi, na kuleta orodha ya watu wanaokaribiana. Tuseme mashine hukosea mara 1 tu katika kila milinganisho 100,000. Ikiwa hazina ina watu 1,000,000, alama moja italeta watu 10 wasiohusika. Kadiri hazina inavyokua, ndivyo wanaofanana kwa bahati wanavyoongezeka.

Jambo hili si la vitabuni tu. Baada ya milipuko ya treni mjini Madrid mwezi Machi 2004, alama isiyo kamili ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki. Kompyuta ya wapelelezi wa Marekani ilitoa orodha, na wataalamu wakasema bila shaka alama hiyo ni ya mwanasheria mmoja wa jimbo la Oregon. Alikaa kizuizini majuma mawili, hadi polisi wa Hispania walipoonyesha kwamba ni ya mtu mwingine. Serikali ya Marekani iliomba radhi na baadaye ikamlipa fidia. Alama zilizochukuliwa vizuri, vidole vyote kumi, ni ushahidi wenye nguvu. Alama moja iliyofifia yahitaji tahadhari.

Namna ya kuomba

Kwa kumbukumbu za polisi, mwombaji ni mhusika mwenyewe. Nchini Kenya maombi hupelekwa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia huduma ya serikali ya eCitizen. Mwombaji hulipa ada, huchapa fomu ya C24, kisha huenda na kitambulisho chake kuchukuliwa alama katika ofisi za idara hiyo au katika kituo cha Huduma. Nchini Tanzania hati hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama za vidole kulinganishwa na zile zilizohifadhiwa.

Kumbukumbu za mahakama ni jambo jingine, kwa kuwa kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani. Anayetafuta hukumu yampasa kujua mambo matatu: mahakama iliyosikiliza, namba ya kesi na mwaka. Akishajua hayo, humwandikia hakimu mfawidhi au msajili, hueleza sababu ya ombi lake, hulipa ada, na masjala humpatia nakala iliyothibitishwa. Asiyejua namba ataje majina ya wahusika na mwaka, ili karani atafute katika rejista. Hukumu nyingi za mahakama za juu husomwa bure katika hazina za TanzLII na Kenya Law. Kesi za watoto haziko wazi hivyo, kwani sheria inawalinda.

Mtu hana ruhusa ya kuomba jalada la polisi la jirani yake kwa udadisi tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya mwaka 2022. Sheria hizo humpa mhusika haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zilizo na makosa zisahihishwe. Anayekuta jina lake limechanganywa na la mwingine aombe kwa maandishi kwamba alama za vidole zilinganishwe upya, aambatanishe nakala ya hukumu ikiwa ipo, na atunze nakala ya barua yake.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi hesabu hii kwa penseli, karatasi na utepe wa gundi unaong'aa. Mwanafunzi husugua penseli kwenye karatasi hadi itoe unga mweusi, hupaka kidole unga huo, hubandika utepe juu yake, kisha huuhamishia kwenye karatasi safi. Afanye hivyo kwa vidole vyote kumi, atambue kila umbo, akokotoe namba yake. Darasa lichore jedwali la makundi na kutazama ni wangapi wamo katika 1/1.

Zoezi likiisha, kila mwanafunzi achukue karatasi yake na kuichoma. Nywila ikijulikana hubadilishwa, lakini kidole hakina mbadala.