Kukataa na kukana: vitenzi viwili mbele ya diski moja

Vitenzi *kataa* na *kana* hubadilishanwa ovyo, ingawa havilingani. Anayekataa kutoa kitu hukiri kwamba kipo. Anayekana husema hakipo, au hakimhusu. *Kanusha* ni jambo jingine: hupinga kauli iliyokwisha kutolewa. Usimbaji fiche wa diski za kompyuta umeipa tofauti hii uzito mpya.

Chukua mfano wa msaidizi wa kisheria wa Kilosa, wilaya yenye historia ndefu ya migogoro ya ardhi baina ya wakulima na wafugaji. Anapanda basi kwenda Mikumi akiwa na kompyuta yenye majina ya mashahidi. Ikiwa diski imesimbwa na kompyuta imezimwa, mwizi wa stendi hataambulia jina hata moja. Akitokea mtu wa kumdai nywila, hata hivyo, msaidizi huyo anaweza kukataa tu. Kukana hawezi, maana diski yenyewe inaonyesha kuwa imefungwa.

Programu kama VeraCrypt humpa nafasi ya kukana. Ndani ya hifadhi moja (neno ambalo Mikumi huleta kwanza picha ya tembo) hufichwa hifadhi ya pili. Nywila moja hufungua barua za kawaida, nyingine hufungua majina. Sehemu iliyofichwa hufanana na takwimu nasibu zinazojaza nafasi tupu. Sifa hii yafaa kuitwa *ukanikaji*, kutokana na *kanika*, kwa kuwa ni sifa ya kitu. *Ukanaji* ni tendo la mtu.

Ukanikaji huo huvuja upesi. Mfumo endeshi huhifadhi orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni. Aliyenakili diski mara mbili kwa nyakati tofauti ataona nafasi "tupu" imebadilika. Kompyuta iliyolazwa bila kuzimwa huweza kubaki na ufunguo katika kumbukumbu yake. Tena, anayejua uwezo wa programu hiyo hataridhika na nywila ya kwanza, na asiye na ya pili hana njia ya kuthibitisha kwamba hanayo. Mkweli ndiye anayebanwa zaidi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inavigusa vitenzi vyote viwili: ni kosa kukaidi kwa makusudi amri iliyotolewa chini yake, na ni kosa kuficha data kwa nia ya kuzuia upelelezi.

Matumizi: *Alikataa kutoa nywila. Alikana kuwa na nywila nyingine. Alikanusha taarifa kwamba ameitoa.*